Orodha za jeni za lazima za Salmonella hazifanani, sasa uamini ipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayesoma masta ya usalama wa chakula Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo mtaalamu. Supavaiza kanipa kazi ya kutafuta jeni muhimu za Salmonella wa kuku ili tujue pa kumpiga na dawa. Kila pepa ina namba yake, wa taifodi wanasema 356, E. coli wengine 303 wengine 358. Nani muongo hapo? Na swali la kijinga kidogo, kama ukiharibu jeni bakteria anakufa, sasa huyo aliyekufa mnamuonaje wakati kwenye pleti hayupo?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na hilo unaloliita la kijinga maana ndo swali lenyewe, la namba litajijibu humo humo njiani. Mi nikiwa mwanafunzi nilikaa karibu mwaka mzima naona aibu kuliuliza. (Afu tuelewane mapema, simu yangu inapenda kugeuza jeni kuwa jini, ukikutana na jini humu usikimbie, ni kibodi tu.)

Aliyekufa humuoni, ni kweli. Unachoangalia ni pale alipotakiwa kuwepo. Gari likipaki uwanjani, mvua ikanyesha, afu likaondoka, pale lilipokuwa panabaki pakavu, we gari hukuliona lakini unajua lilikuwepo na hata urefu wake unaweza kukadiria. Basi watu wa jeni za lazima kazi yao ndo hiyo, wanainyeshea mvua DNA yote ya bakteria afu wanatafuta pakavu. Nasema za lazima makusudi, sipendi sana "muhimu", maana jeni ya kumfanya Salmonella aharishe mtu ni muhimu sana kwake ila ukiitoa anaendelea kuishi maabara vizuri tu, ananenepa.

Mvua yenyewe ni transposoni. Hiki ni kipande cha DNA kinachojua kujichomeka ndani ya DNA nyingine, na kikijichomeka katikati ya jeni basi hiyo jeni imeharibika, ni kama umechana karatasi ya maelekezo ya dawa katikati ukabandika tangazo la mganga wa kienyeji, hapo mgonjwa hasomi kitu. Kwa Salmonella tunatumia sana Tn5 kwa sababu haichagui sana pa kukaa, na ndani yake tunaweka jeni ya kuhimili kanamaisini, ili baadae ukiwamwagia hiyo dawa wanabaki wale tu waliochomekwa.

Ukiwa mezani inakuwa hivi. Unakuza bakteria mpaka wanapokua kwa kasi, unawaosha mara tatu nne kwa glisero ya asilimia 10 iliyopoa kabisa, kila kitu kipo kwenye barafu mpaka vidole vinakufa ganzi, unawachanganya na transposoni ambayo tayari imeshikana na enzaimu yake, unawatia kwenye kikasha kidogo chenye bati mbili pembeni, unapiga umeme wa volti 1,800 mpaka 2,500 kwa milisekunde chache. Utando unafunguka vitundu, transposoni inaingia. Kama hukuosha vizuri chumvi ikabaki utasikia pa! kama bisi, kinamulika kimwanga, na sampuli ndo imeenda na maji. Siku yangu ya kwanza nililipua nne kati ya sita, fundi wa maabara alicheka mpaka akatafuta kiti. Zilizopona unazipa supu yenye sukari zipumzike saa moja au mbili, unazimwaga kwenye pleti zenye kanamaisini, kesho asubuhi unakuta vidoti maelfu, kila kidoti ni ukoo wa bakteria mmoja ambaye transposoni imemkaa sehemu yake. Unarudia hivyo mpaka unachoka. Unakwangua vidoti vyote, unawakusanya kwenye chupa moja, hiyo ndo inaitwa maktaba.

Sasa tulia hapa. Yule ambaye transposoni ilimuangukia kwenye jeni ya lazima hakutoa kidoti. Kwa hiyo hakukwanguliwa, hayupo kwenye chupa. Unatoa DNA ya chupa nzima kwa mkupuo, unaikatakata, unafanya PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) inayoanzia kwenye ukingo wa transposoni kwenda nje, unasoma vipande mamilioni kwenye mashine, kompyuta inakwambia kila transposoni ilikaa kwenye herufi namba ngapi ya DNA. Ukichora kwenye ramani unaona michomeko imejaa huku, imejaa kule, afu ghafla kuna pengo. Pakavu hapo.

Hiyo 356 yako imetoka kwa watu wa Sanger, taasisi ya utafiti wa jenomu kule Uingereza, 2009, walifanya kwa Salmonella Typhi, huyu wa taifodi. Walipata sehemu tofauti kama 370,000 zilizochomekwa, ambayo ukigawanya ni mchomeko mmoja kila herufi 13 kwa wastani. Piga hesabu mwenyewe: jeni ya herufi 900 ilitakiwa ipate michomeko kama 70, ukikuta sifuri, au mmoja mkiani kabisa, hiyo sio bahati mbaya. Ndani ya orodha kuna vitu ambavyo ungetegemea, mashine za kunakili DNA, protini za ribosomu (kiwanda cha kutengeneza protini), wajenzi wa ukuta, na ftsZ inayotengeneza ile pete ya kumgawa bakteria awe wawili. Huko hakuna mjadala sana.

Mjadala upo kwenye mpaka, na hapo ndo namba zako zinapogombana. Hiyo 303 ya E. coli, ndugu wa Salmonella, ni ya Wajapani wa Chuo Kikuu cha Keio, 2006, na wao hawakunyeshea mvua yoyote, walikwenda jeni moja moja, wakalenga 4,288, kila moja wanajaribu kuing'oa nzima, wakafanikiwa 3,985 na 303 zikagoma. Hiyo 358 ni ya 2018, imetoka kwa mvua ya transposoni nzito kweli, karibu laki tisa za michomeko tofauti, yaani kila herufi tano hivi kuna tone. Bakteria ni yuleyule K-12, E. coli wa maabara, hakuna muongo, ila swali waliloulizwa bakteria halikuwa moja. Keio wanauliza, je naweza kupata walau kidoti kimoja kinachoishi bila jeni hii, hata kikiwa kidhaifu hata kikikua kwa kujikokota? Mvua inauliza, je asiye na jeni hii anaweza kukua akiwa amebanana na wenzake laki kadhaa wazima wanaogombea chakula hichohicho? Mwenye kujikokota atahesabika mzima kwa Keio ila kwenye chupa ya maktaba atakuwa mchache mpaka asionekane, watamwandika marehemu.

Na bakteria nao wajanja. Kwenye huko kung'oa moja moja ilikuja kugundulika baadae kwamba baadhi ya mutanti (bakteria waliobadilishwa jeni) walikuwa wamejinakilia ile jeni kabla, unang'oa nakala moja unashangilia kumbe ya pili anayo mfukoni. Ndo maana orodha ya Keio yenyewe ilibidi ifanyiwe masahihisho.

Jeni fupi ni kichefuchefu kingine. Kwenye manyunyu kopo la soda halionekani, yaani jeni ya herufi 60 kwa mchomeko mmoja kila herufi 13 inategemewa kupata minne au mitano, ikikosa yote inaweza kuwa ya lazima na inaweza kuwa bahati tu. Ukiona orodha ina vijeni vidogo vingi na mvua yao ilikuwa nyepesi, wapunguzie imani. Kinyume chake kuna jeni ambayo nusu ni ya lazima nusu ni pambo: ftsK, upande wa mwanzo ukiguswa bakteria anakufa, upande wa mwisho anavumilia michomeko bila shida. Programu inayohesabu wastani wa jeni nzima itakwambia haina shida. Kwa hiyo fungua ramani, tazama kwa macho, usitegemee safu ya mwisho ya eksel peke yake.

Kuna pakavu pengine hapakuwahi kuwa na gari, kuna mtu tu alisimama na mwavuli. Kwa Salmonella na ndugu zake mwavuli ni protini inaitwa H-NS, inapenda kulalia sehemu za DNA zenye A na T nyingi, na hizo mara nyingi ni zile zilizookotwa kutoka nje zikiwemo jeni za kuleta ugonjwa, sasa transposoni ikifika inakuta pamefunikwa, haikai. We unaona pengo unaandika "lazima" kumbe ni mwavuli.

Afu kuna hii ambayo binafsi naipenda kuliko zote. Salmonella wengi wana virusi vilivyolala ndani ya DNA yao toka zamani, na kila kirusi kina jeni moja inayotoa protini ya kukilaza kisiamke. Transposoni ikiharibu hiyo jeni kirusi kinaamka kinampasua bakteria. Kwenye data hiyo jeni inaonekana ya lazima kabisa, pakavu kama jangwa, lakini ni kama mbwa mkali aliyefungwa uani, ukikata kamba mwenye nyumba anatafunwa, haimaanishi mwenye nyumba anaishi kwa kula kamba! Ukimtoa mbwa kwanza, kamba haina kazi tena. Hivyohivyo kuna jozi za sumu na kiondoa sumu, kiondoa sumu kinaonekana cha lazima kwa sababu tu sumu ipo. Zikitokea kwenye orodha yako zitenge pembeni, usizifanye shabaha bila kujua Salmonella wangapi wanazo.

Na kuna za lazima ambazo mvua haizioni kabisa. tufA na tufB zinatengeneza protini ileile ya kupeleka amino asidi kwenye ribosomu, bila hiyo protini hakuna maisha, ila kwa kuwa zipo mbili ukiharibu moja nyingine inashika usukani, kama pikipiki yenye breki mbele na nyuma. Zote mbili zitakaa kwenye kundi la "sio lazima" na orodha haitakuwa imekosea, ila we ukiisoma haraka utakosea.

Sasa tuje kwako maana we unataka kuku. Kila unapoona neno lazima, uliza lazima wapi. Karibu orodha zote hizi zimetoka kwenye LB, ile supu ya maabara yenye kila kitu, nyuzi 37, oksijeni tele. Ndani ya utumbo hakuna LB. Mfano wa kizamani ni aroA, jeni ya njia ya kutengeneza amino asidi zenye pete na vitu vingine vya hivyo, kwenye LB bakteria asiye nayo anakua vizuri, ila mwaka 1981 Hoiseth na Stocker walionyesha Salmonella wa namna hiyo hawezi kumuuguza panya, maana mwilini anakosa vitu hivyo na hawezi kujitengenezea, na panya akipewa huyo dhaifu anapata kinga. Toka hapo ikawa njia ya kutengeneza chanjo hai. Yaani jeni ambayo orodha ya LB inakwambia itupe ndo hiyo imeleta faida.

Hata Salmonella kwa Salmonella hawalingani. Walipolinganisha Typhi na Salmonella mwingine anaitwa Typhimurium kwa mvua ileile, jeni za fepBDGC za kuingiza madini ya chuma zilionekana lazima kwa Typhi, Typhimurium anaishi bila hizo. Na kuna kisa cha jirani zetu Malawi ambacho kila nikikisimulia watu wanadhani natania. Kuna Typhimurium anaitwa D23580, alitolewa kwenye damu ya mtoto Blantyre mwaka 2004, ni wa ukoo wa ST313 ambao huku Afrika unaingia kwenye damu hasa kwa watoto wenye malaria au utapiamlo na watu wenye VVU, wakati binamu yake wa Ulaya mara nyingi anaishia kuharisha mtu tu. Wakamnyeshea mvua. Jeni ya cysS, inayopakia amino asidi ya sisteini kwenye tRNA yake (kibebeo kinachoipeleka kwenye ribosomu), kila bakteria anaihitaji, sio habari. Habari ni kwamba kwa huyu ile cysS ya kwenye kromosomu inapigwa michomeko na anaendelea na maisha, na ya lazima ni nyingine iliyopo kwenye plasmidi, kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, inaitwa pBT1. Plasmidi! Kile kitu tunachofundisha darasani kwamba ni mzigo wa ziada, ukikitoa bakteria hafi. Sasa we ukichukua orodha ya Ulaya ukaipeleka kwa Salmonella wa kwetu moja kwa moja unaweza ukapotea mchana kweupe.

Kwa kuku wenyewe kuna kazi nzuri ya 2013, walichukua mutanti 7,702 wa Typhimurium wakawapa kuku, nguruwe na ndama, afu wakaangalia nani kapungua anapotoka. Utajiuliza mbona elfu saba tu wakati wengine wana laki kadhaa, hawakuwa na hela? Hapana. Ukimnywesha kifaranga bakteria wengi, wanaofanikiwa kujishikiza utumboni ni wachache, ni kama mlango mwembamba, wengine wote wanapotea kwa bahati tu sio kwa udhaifu. Ukipeleka laki tano utapoteza mutanti kibao wasio na kosa lolote, utaandika pepa nzima ya jeni za uongo. Ukisikia mtu anataka kumpa kuku maktaba nzima muulize kwanza habari za mlango.

Na usije ukadhani Campylobacter, bakteria mwingine wa kuku, atakuwa rahisi kwa sababu DNA yake ni ndogo, herufi milioni 1.6 hivi, theluthi tu ya Salmonella. Huyo anataka oksijeni kidogo sana, joto anapenda 42, kumwingizia DNA kwa umeme ni shughuli, na anavyoshikwa hewani wakati wa kukwangua pleti kunabadilisha nani anabaki. Kaa na Salmonella wako.

Sasa ushauri wa kazi yako, maana najua bajeti za masta zetu. Huhitaji kutengeneza maktaba. Hizi data zimewekwa wazi kwenye hazina za sikwensi, unashusha, Bio-TraDIS na TRANSIT ni programu za bure za kuchambua michomeko, laptopu ya kawaida itatosha ukiwa na subira na bando. Chukua orodha za Salmonella zaidi ya moja, tafuta zile zinazokubaliana, ondoa kamba za mbwa na miavuli, angalia kama jeni ipo kwa Salmonella wote unaoweza kupata jenomu zao hasa wa Afrika Mashariki, afu linganisha protini na za binadamu, na za kuku pia maana dawa ataila yeye. Kuwa na ndugu kwa binadamu sio kufeli moja kwa moja, antibayotiki ya myupirosini inashika enzaimu ya kupakia isolusini ya bakteria na sisi tunayo ya kwetu, ila zimetofautiana vya kutosha.

Afu usije ukaandika kwamba jeni ikiwa ya lazima basi bakteria hawezi kujenga usugu. Nimeona hiyo sentensi kwenye tasnifu tatu mpaka sasa. gyrA ni ya lazima bila ubishi, antibayotiki ya siprofloksasini inaipiga hapohapo, na Salmonella amebadilisha tu amino asidi ya nafasi ya 83 maisha yanaendelea. Hawezi kuitupa jeni ila kuirekebisha anaweza, na kwenye mabanda ambako watu wanamwaga antibayotiki kwenye maji ya kuku kila wiki anapewa mazoezi ya bure.

Ukibaki na tano au sita, moja ihakikishe maabara kama supavaiza atakubali. Iweke jeni chini ya swichi ya arabinosi, inayowashwa na sukari hiyo na kuzimwa na glukosi, ile ya asili uing'oe, afu mwage bakteria haohao kwenye pleti mbili, moja ina arabinosi nyingine glukosi. Ya lazima kweli utaona pleti ya kwanza imejaa na ya pili nyeupe kama hukugusa kitu. Fanyia kwenye aina dhaifu ya maabara, Typhi usimguse kabisa kwenye maabara ya kawaida.

Kitu cha kuanza nacho wiki hii: kwa kila jeni gawanya idadi ya michomeko kwa urefu wake, chora grafu ya zote. Utapata vilima viwili, kidogo kimebanana karibu na sifuri na kikubwa kulia, katikati bonde. Wengi wanachora mstari kwenye bonde wanamaliza, ila jeni zilizolala bondeni ndo hizohizo zinazofanya pepa zako zigombane. Nitumie hiyo grafu kabla hujachora mstari.